Je, CDMA ilikufa kwa uduni wake?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ndugu yangu ameniletea simu aliyoitumia Marekani miaka ya nyuma, nami nimeifungua nisione mahali pa kuweka laini. Fundi anasema ni simu ya CDMA na kwamba mfumo huo umekufa. Je, ulikuwa duni kuliko GSM? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Fundi wako amesema kweli, ila uduni sio uliouua. GSM, mfumo wa simu za mkononi ulioanza kutoa huduma Finland mwaka 1991, huwapa wapiga simu zamu fupi fupi katika masafa yale yale ya redio, ilhali CDMA ya kampuni ya Qualcomm ya Marekani huwaacha wote wazungumze kwa pamoja, kila mazungumzo yakiwa na msimbo wake, na hivyo mnara mmoja huhudumia watu wengi. Hata 3G, yaani kizazi cha tatu cha mitandao ya simu, ya upande wa GSM iliiga mbinu hiyo, na hapa kwetu TTCL iliwahi kuitumia CDMA.

Kilichoiangusha ni uchache wa walioichagua. Nchi nyingi zilikwenda na GSM, viwanda vikatengeneza simu zake kwa wingi, bei ikashuka, na mteja akaweza kuhamishia laini yake kwenye simu yoyote. Wa CDMA kule Marekani utambulisho wake ulikuwa ndani ya simu yenyewe, akabaki amefungwa kwa kampuni iliyomuuzia. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma kwa mteja, na ndilo lililokukuta wewe.

Hata hivyo, kampuni haing'oi mitambo ya gharama kubwa kwa sababu hiyo peke yake, bali husubiri kizazi kipya cha mtandao, kwa kuwa hapo mitambo itanunuliwa upya kwa vyovyote vile. Verizon, kampuni ya simu ya Marekani iliyotumia CDMA, ambayo Vodafone ya Uingereza, kampuni ya GSM, ilikuwa mbia wake, ilitangaza mwaka 2007 kwamba 4G yake, yaani kizazi cha nne, itakuwa LTE, teknolojia iliyotoka upande wa GSM, si UMB iliyoandaliwa kuirithi CDMA. Mwaka uliofuata Qualcomm wenyewe wakaacha kuiendeleza UMB. Sprint, kampuni nyingine ya CDMA ya Marekani iliyotangulia na WiMAX, teknolojia nyingine ya 4G, nayo ilitangaza kuhamia LTE mwaka 2011. Verizon iliwasha LTE Desemba 2010, lakini iliendelea kuwahudumia wenye simu za CDMA hadi mwisho wa 2022.

Simu yako, kama ina Wi-Fi, bado inaweza kukufungulia intaneti nyumbani, lakini kupiga kwa laini haitawezekana.