Kozi 50 tu kati ya mamia
Ndugu uliyeuliza kutoka Gulu kwa nini programu yako hupokea kozi 50 tu ilhali chuo kina mamia: huduma nyingi za data, yaani zile ambazo programu huziomba taarifa kupitia mtandao, hugawa majibu katika kurasa, kwa hiyo itakubidi usome kiungo cha ukurasa unaofuata, ambacho mara nyingi kimo katika jibu lenyewe, na kuendelea kuomba mpaka kiungo hicho kisiwepo tena. Ukirudishiwa namba 401 badala ya data, ufunguo wako, yaani msimbo wa siri unaoitambulisha programu yako kwa huduma hiyo, haujakubaliwa. Namba 429 ina maana kwamba umeomba mara nyingi mno, basi subiri kidogo. Hifadhi nakala ya majibu, maana orodha ya kozi haibadiliki kila saa na bando, sote twajua, hazigawiwi bure. Itambue kila kozi kwa msimbo wake, kwa kuwa majina hujirudia kati ya vitivo.