Kanuni za utumishi: anza na madaftari ya ofisini kwenu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina diploma ya ualimu, huu mwaka wa tatu najitolea shule ya msingi hapa Kasulu. Nimeomba ajira na nasubiri kuitwa kwenye usaili wa kuandika. Masomo ya kufundishia hayanitishi. Kinachonitoa jasho ni sheria na kanuni za utumishi. Rafiki kanipa desa la kurasa arobaini. Nakariri usiku, asubuhi limeyeyuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza lifungue hilo desa. Likisema mamlaka ya walimu ni TSD, ile Idara ya Utumishi wa Walimu ya zamani, mrudishie mwenyewe. Sasa ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, ikaanza kazi Julai 2016. Likikwambia utendaji wa mtumishi unapimwa kwa OPRAS, ule mfumo wa zamani wa fomu, nalo limepitwa. Sasa ni PEPMIS, mfumo wa kielektroniki. Tena angalia: Sheria ya Elimu ya 1978 nayo ni Na. 25. Wengi huchanganya hapo, kwa hiyo shika mwaka.

Halafu acha kukariri, kamuombe mwalimu mkuu wako akuoneshe daftari la adhabu. Mimi nimekaa nalo mezani miaka mingi hapa Tabora. Lina jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, tarehe, jina la aliyechapa, sahihi ya mkuu. Hizo safu zimetoka kwenye Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002: achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi; viboko visizidi vinne; msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shuleni hayupo. Ukiulizwa kisa cha mwalimu wa zamu aliyempiga binti viboko sita mstarini, pitia safu moja moja kichwani, makosa yatajitokeza yenyewe. (Na ukishaajiriwa, nakuomba sana, fimbo iwe ya mwisho kabisa.)

Ukimaliza, omba daftari la mahudhurio, lile linalopigwa mstari mwekundu asubuhi. Nilipokuwa mgeni kazini nililetewa habari ya msiba wa shangazi yangu, Uvinza. Nikapanda treni bila kuaga, bila hata kikaratasi. Narudi, nakuta nafasi zangu tupu siku sita mfululizo, kila siku na mstari wake mwekundu. Nikaitwa, nikaandika maelezo mkono ukitetemeka, nikapewa onyo. Siku tano kazini bila ruhusa zinatosha kumfukuzisha mtumishi kazi. Hizo tano sikuzikariri popote, na mpaka leo ninazo.

Likizo ya mwaka na muda wa majaribio havikuchukulii muda: siku 28, miezi 12. Muda wako uweke kwenye nidhamu: nani anamshtaki mwalimu, nani anaamua, anakata rufaa kwa nani. Chora hiyo njia kwa mkono wako kwenye karatasi, uanzie kwa mwalimu mkuu. Ukikwama mahali, niandikie kabla ya siku ya usaili, nami nitakujibu.