Kiuno kuuma baada ya dedilifti

Ndugu, umeeleza kwamba ukifanya dedilifti, yaani kunyanyua kutoka sakafuni chuma kirefu chenye sahani za uzito kila upande, kwa kilo 60, kiuno ndicho kinachouma, ilhali mapaja hayahisi kazi. Zoezi hili hujenga hasa misuli ya makalio, ya nyuma ya mapaja na ile inayoshikilia uti wa mgongo, lakini chuma kikikaa mbali na miguu, mzigo huelemea kiuno. Weka chuma juu ya katikati ya nyayo, rudisha nyonga nyuma, kaza tumbo, nyoosha mgongo, kisha sukuma sakafu kwa miguu. Kagua pia sahani za uzito: kubwa zina kipenyo cha sentimita 45, na zikiwa ndogo chuma hushuka mno, hivyo ziinue kwa mbao imara. Punguza uzito kwanza. Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha kunyanyua umwone daktari.