Maswali ya wasomaji: Kujichapishia kitabu cha watoto ukiwa kusini mwa Tanzania

Hadithi yangu ya watoto wa darasa la pili imefika kurasa 19. Mchapaji anasema niongeze au nipunguze. Idadi ya kurasa inamhusu nini? (Mwalimu, Masasi)

Inamhusu sana, Mwalimu. Kitabu chembamba hufungwa kwa pini mbili mgongoni, na kila karatasi ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa 4: 16, 20, 24, 28 au 32. Wewe una 19, na bado hujaweka ukurasa wa jina la kitabu wala wa hakimiliki. Nenda kwenye 24.

Kabla ya kurudi kwa mchapaji, tengeneza kitabu cha mfano. Chukua karatasi sita za A4, zikunje pamoja, zipige pini, kisha andika namba 1 hadi 24. Jina la kitabu likae ukurasa wa 1, hakimiliki wa 2, hadithi ianze wa 3. Jalada halihesabiwi humo. Nakili maneno kwa mkono na uchore picha hata kwa vijiti tu. Ukishafanya hivyo utaona mambo ambayo daftari halikuonyeshi. Kwa mfano, tukio la kushtua likikaa ukurasa wa kulia, mtoto ameshaliona kabla hajalifikia. Lisogeze upande wa kushoto, alikute baada ya kufunua.

Kwa darasa la pili, sentensi tatu au nne fupi kwa ukurasa zinatosha, kwa herufi za pointi 16 hadi 18. Mpe mtoto asiyeijua hadithi aisome kwa sauti, nawe ukae kimya ukitia alama kila anapokwama. Watoto watatu wakikwama mahali pamoja, rekebisha sentensi.

Angalia pia mitego miwili ya kompyuta. Kwanza, alama ya ng' hupotea maandishi yanapohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, na mtoto anayejifunza silabi anafundishwa kosa. Pili, programu iliyopangwa kwa Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari mahali pasipostahili, ukapata "wanac-" juu na "heza" chini. Mwambie msanifu wa kurasa azime ukataji huo kabisa.

Kitabu changu ni cha mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, huku kwetu Lindi. Mchoraji alinitumia picha kwa WhatsApp na kwenye simu zilipendeza, lakini sampuli imetoka na rangi zilizofifia, picha hazina ukali, na kichwa cha mjusi kimekatwa. Kosa ni la mchapaji? (Msomaji, Lindi mjini)

Kwa maelezo yako, sehemu kubwa imetokea kabla ya mashine. Kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kijani kinachowaka au bluu ya bahari iliyokolea havifikiki kwa wino huo. Mchoraji aandae picha kwa mpangilio wa rangi za uchapaji tangu mwanzo.

Ukali umepotea kwa sababu picha zilipitia WhatsApp kama picha za kawaida. Hubanwa zikawa ndogo. Zitumwe kama nyaraka, au zije kwenye flashi, zikiwa na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule zitakaochapwa. Ukiikuza picha ndogo baadaye huongezi kitu.

Kuhusu kichwa, kisu cha kukatia hakipiti mahali pamoja kwa kila nakala. Picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3, na kitu chochote cha maana, maneno au uso, kikae angalau milimita 10 ndani. Usiweke uso katikati ya mkunjo pia.

Kwa kuwa mada yako ni ya kweli, mchoraji awe mwaminifu. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na kiunzi maarufu kiko Berlin. Mnyama yule alikula mimea, na miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kwa hiyo usimchore karibu na watu wala mashamba, isipokuwa ukurasa uonyeshe wazi kwamba mtoto anaota. Watoto wa Lindi wanastahili kuipata historia ya ardhi yao ikiwa sahihi.

Na muandikiane na mchoraji: malipo ni kiasi gani, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nani anamiliki picha, na kama zinaweza kutumika toleo la pili bila kulipa upya. Dai faili asilia siku ya malipo ya mwisho.

Nina akiba ya korosho. Nichape nakala ngapi, niuze bei gani? Na je, inalipa? (Mkulima na mwandishi, Tandahimba)

Kaka, anza na hesabu, na bei uliyonayo kichwani iweke pembeni kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, kuchapa nakala 1,000 ni shilingi 2,500,000, mchoraji 600,000, mhariri 200,000, usafiri 100,000. Jumla 3,400,000, yaani kila nakala imekugharimu 3,400. Ukiweka bei 5,000 unaona faida. Lakini duka likitaka asilimia 35, linabaki na 1,750 na wewe unapata 3,250. Kila nakala iliyouzwa dukani imekula 150 ya mfukoni mwako. Ile uliyouza mwenyewe imekupa 1,600. Waandishi wengi huumia hapo, maana bei waliipanga kwa gharama ya uchapaji peke yake.

Bei nafuu ya nakala 2,000 isikuvute. Mashine kubwa ya ofseti huhitaji pleti (bamba la kuchapia) kwa kila rangi, na gharama yake ni ile ile ukichapa 100 au 2,000, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka unapoongeza idadi. Lakini nakala iliyolala chini ya kitanda haina bei. Kama huna wanunuzi wa uhakika, anza na 100 au 200 kwenye mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti, hata kwa faida ndogo, ujue kitabu kinaendaje.

Wakati nao ni mtaji. Huku fedha huingia mikononi mwa wazazi baada ya minada ya korosho, kuanzia Oktoba, na shule hufunguliwa Januari. Vitabu vikifika Machi, vinakuta mifuko mitupu. Kama unachapia Dar es Salaam, vipokee kabla mvua hazijakolea. Mei 2024 barabara ya Lindi ilikatika Somanga, na mizigo ilikwama.

Je, inalipa? Toleo la kwanza mara nyingi hurudisha gharama tu. Thawabu iko toleo la pili: mchoraji na mhariri wameshalipwa, gharama yetu ya mfano inashuka hadi 2,600, na hata dukani unabaki na 650. Kwa mchapishaji wa kawaida mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, aghalabu ni asilimia 10 hivi. Hapa haki zote ni zako, na hakuna wa kukuambia kwamba hadithi ya mtoto anayeokota mabibo Tandahimba haina soko.

Nahitaji vibali gani? (Mwalimu mstaafu, Kilwa Masoko)

Shikamoo, mzee wetu. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla jalada halijakamilika, maana huchapwa nyuma ya jalada. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ila usajili wa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hukusaidia kuthibitisha mkigombana na mtu. Ukitaka kitabu kitumike rasmi madarasani, kinahitaji kutathminiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kupata ithibati. Ipeleke kazi huko kabla ya kuchapa nakala nyingi, kwa sababu wakidai marekebisho, mzigo uliochapwa huwezi kuurekebisha.

Vitabu vyangu vimejikunja na vina ukungu. (Msomaji, Mtwara Mikindani)

Unyevu wa pwani ndio chanzo, lakini muulize mchapaji nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Zikienda sambamba na mgongo, kitabu hutulia. Zikikatisha, hujikunja hata kikiwa kipya. Jalada la karatasi ya gramu 250 kwa mita mraba lenye laminesheni (utando wa plastiki) upande mmoja nalo hupinda, kwa kuwa upande wa pili unaendelea kunyonya unyevu. Weka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiganja kimoja, na usiyafunge kwa nailoni siku ya mvua: unyevu utafungiwa humo humo. Yafungue kila baada ya wiki mbili, ukikagua mchwa pia.