Bango la Disneyland: kagua wino kwanza, picha baadaye

Muuzaji wa bango la zamani la Disneyland huanza kukuonyesha picha: vibanda vya Skyway vinavyoning'inia angani, rangi ambazo bado zinawaka. Picha haithibitishi kitu. Picha hizohizo zimechapwa upya mara nyingi na kuuzwa kama pambo la ukutani. Cha kukagua ni wino.

Bustani hiyo ya Anaheim, California, ilifunguliwa Julai 1955, na mabango ya kutangaza vivutio vyake yakaanza kuonekana mwaka uliofuata. Yalichapwa kwa skrini, njia ileile inayochapa fulana za kampeni kwetu: kila rangi ina skrini yake, wino unasukumwa kwa raba kupita kwenye kitambaa, unaachwa ukauke, ndipo inakuja rangi inayofuata. Matokeo yake ni wino mzito uliokaa juu ya karatasi badala ya kunywewa nayo. Uzito huo ndio kitambulisho cha bango, na ndio ugonjwa wake pia.

Laza bango mezani, zima taa ya dari, shika tochi pembeni hadi mwanga wake utambae juu ya karatasi. Kwenye bango la asili utaona vingazi vidogo mahali rangi moja ilipopanda juu ya nyingine. Mara nyingi rangi hizo zinapishana kidogo, kwa sababu mchapaji aliacha nafasi ya makosa ili weupe wa karatasi usichungulie katikati. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Rangi ya skrini ni bapa, nzima, na ukingo wake uko wazi. Nakala ya ofseti, uchapaji wa mashine unaotumika kwa vitabu na magazeti, ina vinukta vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kama maua. Ya printa ya wino ina matone yaliyotawanyika kama vumbi. Ukikuta vinukta ndani ya anga ya bango linalodaiwa kuwa la miaka ya 1960, usihangaike kujadili bei.

Mtego mgumu zaidi ni nakala iliyochapwa nayo kwa skrini. Hapo tochi haisaidii, shika futi. Mabango mengi ya asili ni kama inchi 36 kwa 54, yaani sentimita 91 kwa 137. Nakala nyingi ni ndogo kuliko hapo. Tafuta pia nambari ya penseli, mfano 120/500: hilo ni toleo la wakusanyaji, kwani bango la kazi halikuwa na sababu ya kuhesabiwa. Halafu soma maandishi madogo ya chini. Jina The Walt Disney Company lilianza 1986. Kabla yake ilikuwa Walt Disney Productions. Bango la "1967" lenye jina jipya limejisema lenyewe. Wadhamini nao husaidia kukisia umri: reli ya bustani ilibeba jina la kampuni ya reli ya Santa Fe hadi 1974, na kivutio cha Adventure Thru Inner Space, ambacho kampuni ya Monsanto ilikidhamini mwanzoni, kilidumu kuanzia 1967 hadi 1985.

Taa ya urujuanimno (UV), inayosifiwa sana na wakusanyaji wa mabango ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hapa usiipe kura ya mwisho. Karatasi zenye kemikali ya kung'arisha zilikuwa zimeshaenea miaka ya 1950, hivyo bango halali linaweza kung'aa pia. Itumie kutafuta viraka na rangi zilizopakwa baadaye.

Ukinunua kwa mbali, omba picha ya mbele, ya nyuma, pembe zote nne, maandishi ya chini, na moja iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Asiyetaka kupiga hiyo ya mwisho ana sababu yake. Matundu ya pini pembeni ni ya kusamehewa. Kingo zilizokatwa ili bango lienee kwenye fremu, si za kusamehewa kirahisi. Kwenye mnada, kumbuka kamisheni ya mnunuzi: ukishinda kwa dola 4,000 na kamisheni ni 25%, umeshafika 5,000 kabla ya kodi na usafiri.

Usafiri ndiko wino mzito unakolipiza. Ukikunjwa kwenye bomba jembamba unapasuka kama udongo wa kiangazi, na nyufa hizo hazirudi. Mwambie muuzaji azungushe bango nje ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, pamoja na karatasi isiyo na asidi, kisha aliingize lote ndani ya bomba kubwa. Likifika, liache chumbani siku nzima kabla ya kulifungua, na ulifungue polepole. Ukisikia mlio wa kukwaruza, simama.

Selotepu ya zamani usiibandue mwenyewe. Inaondoka na wino. Kubandika bango kwenye kitambaa, kwa gundi ya wanga wa ngano na karatasi ya Kijapani katikati, ni kazi ya fundi wa karatasi, naye lazima ajaribu kila rangi kwa tone la maji kwanza. Kama bango halina michaniko mikubwa wala mikunjo inayochanika, liache lilivyo.

Kwa fremu, kioo cha milimita 4 cha ukubwa huu kina uzito wa kilo 12 na ushei. Akriliki, yaani plastiki angavu, ya unene huohuo haifiki nusu. Tatizo la akriliki ni umeme wa msuguano, unaoweza kunyanyua wino uliokwisha legea, basi wino ukimenyuka rudi kwenye kioo. Vyovyote iwavyo, acha nafasi ya milimita 6 hivi kati yake na bango, maana wino uliogusana na kioo kwenye unyevu hung'ang'ania. Chujio la urujuanimno hupunguza kufifia, halikuzuii kabisa, kwani hata mwanga wa kawaida unakula rangi, hasa zile za kung'aa. Lenga mwangaza wa lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga).

Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam aongeze jambo moja: unyevu ukipita 65% ukungu hupata makao. Ziba mgongo wa fremu, gundi vipande vya kizibo kwenye pembe zake ili hewa ipite nyuma, na usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje.