Jibu: Njia za baskeli zitaongeza wapandaji mjini Unguja?

Sheikh wangu, umeuliza kama njia za baskeli zitawatoa watu kwenye bodaboda hapa mjini au zitakaa tupu. Zitawatoa, lakini lazima ziungane. Seville, Hispania, kuanzia 2006 walijenga takriban kilomita 80 zilizotengwa na magari, na ndani ya miaka michache wapandaji wakaongezeka mara kadhaa. Kipande kinachokatikia njia panda hakimsaidii mtu.

Mimi kila asubuhi natoka Mwanakwerekwe. Nikikaribia Darajani gari inasimama ghafla, mlango unafunguliwa, nami nabanwa baina ya mlango na mtaro. Mke wangu kupanda anajua vizuri, ila hapo hathubutu. Mji Mkongwe wenyewe vichochoro vingi havipitishi gari; kazi ni kuufikia salama.