Maswali ya Wasomaji: Mwandishi Ametia Chumvi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimemaliza The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, ile ya nchi ya Gilead ambako wanawake wenye uwezo wa kuzaa wanagawiwa wakubwa wa serikali ili wawazalie. Mwenzangu tunayesoma naye fasihi anasema mwandishi anawachukia wanaume na ametia chumvi kupita kiasi. Mimi nataka kuandika hadithi ya aina hiyo. Chumvi inaruhusiwa kiasi gani? Na sasa nisome nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Atwood alianza kuiandika 1984 akiwa Berlin Magharibi, ukuta ungali umesimama, akajiwekea sharti: asiingize jambo ambalo binadamu hawajapata kulitenda mahali fulani. Kitabu kikatoka 1985. Mwambie mwenzako achague ukurasa wowote anaodhani umezidishwa, kisha akaulizie kwenye historia.

Akianzia Romania hatarudi mikono mitupu. Mwaka 1966 mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alitoa Amri namba 770 iliyopiga marufuku kutoa mimba, ila kwa wachache, kama mwanamke aliyekwisha kuwa na watoto 4. Serikali ilitaka nguvu kazi, na njia iliyoiona ni tumbo la mwanamke. Watoto waliozaliwa 1967 walikaribia kuwa mara mbili ya wale wa mwaka wa amri. Asiye na mtoto alitozwa kodi. Miaka ya 1980 wanawake wakawa wanapimwa mimba kazini, ili atakayeonekana anayo asipate upenyo wa kuitoa. Msimulizi wa Atwood anapelekwa kwa daktari kila mwezi chini ya ulinzi. Chumvi iko wapi hapo?

Au nenda Argentina. Chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, wajawazito waliokamatwa waliachwa hai mpaka wajifungue, baadhi yao katika chuo cha jeshi la majini jijini Buenos Aires. Kisha mama akatoweshwa, na mtoto akapewa familia iliyoelewana na watawala, akakua akiwaita baba na mama watu waliojua alikotoka. Mabibi walianza kujikusanya 1977 kuwatafuta wajukuu zao, ambao wanakadiria ni kama 500. Kwa kuwa wazazi hawakuwapo wa kupimwa, ilibidi wanasayansi watafute namna ya kulinganisha damu ya bibi na ya mjukuu. Wapo waliojitambua wakiwa watu wazima wenye watoto wao.

Hata hivyo, ukurasa unaonitisha mimi hauna askari wala damu. Msimulizi anaingia dukani kununua sigara, kadi yake inakataliwa. Siku hiyohiyo anafukuzwa kazi pamoja na wanawake wenzake wote. Baadaye anaambiwa kwamba akaunti zote za wanawake zimefungwa, na fedha zake sasa anaweza kuzigusa mumewe tu. Mume anambembeleza kwamba atamtunza. Mume mwenyewe si mbaya, na hilo ndilo linalouma. Kumbuka kwamba Marekani ilipata sheria ya kuzuia benki kumbagua mwanamke katika mikopo mwaka 1974 tu. Kabla ya hapo aliweza kuambiwa alete saini ya mume. Wasomaji wa kwanza wa riwaya hii walikuwa na kumbukumbu hiyo mbichi kichwani.

Kuhusu kuwachukia wanaume: wanaowafunza wajakazi wa Gilead, yaani hao wanaogawiwa kuzaa, na kuwachapa, ni wanawake wenzao wanaoitwa akina shangazi. Asome tena.

Lakini simvishi Atwood kilemba cha ukoka. Kunyang'anywa jina, kukatazwa kusoma, kuzalishwa na kuporwa mtoto: hayo yote waliyapitia wanawake weusi watumwa hukohuko Marekani. Sheria ya South Carolina ya 1740 iliharamisha kumfundisha mtumwa kuandika. Riwaya inachukua maumivu hayo, inamvika mwanamke mweupe, na weusi inawahamishia mbali kwa maneno machache. Wahakiki wamelilalamikia hilo, nami niko upande wao.

Kwa hiyo baada yake msome Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani. Katika Parable of the Talents ya 1998 kuna mwanasiasa anayeahidi kuirudishia Marekani ukuu wake. Watu wengi wakaja kumwita Butler nabii, ilhali Ronald Reagan alikwisha kuinadi kaulimbiu hiyo katika kampeni yake ya urais ya 1980. Butler alikuwa na masikio tu.

Hadithi yako ianze hivyohivyo, na sheria moja iliyowahi kupitishwa kweli. Kisha uliza: nani anagonga mhuri? Nani anapanga foleni? Jirani gani anafaidika na kunyamaza? Ukiyajibu hayo kwa undani, chumvi hutaihitaji.

Na kitabu cha tatu cha kusoma ni Swastika Night ya Katharine Burdekin, iliyotoka 1937 kwa jina la kiume la Murray Constantine. Hitler alikuwa na miaka minne madarakani, vita bado, na Burdekin tayari anaonyesha wanawake waliofugwa kama mifugo. Mazungumzo yake ni marefu, yanachosha. Ukikwama, ruka kurasa, sitakulaumu.